Shabu na Sabuni

Mtu akikuona unaokota maganda ya vitunguu chini ya meza za watu sokoni, atafikiri moja kati ya mawili: umerukwa na akili, au una njaa. Lukudu alifikiri njaa, na hapo ndipo mambo yote yalipoanzia.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi na soko kuu la Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, limefurika. Candiru alikuwa amechuchumaa chini ya meza ya mama muuza vitunguu, aproni yake ya kitenge imejaa madoa ya kila rangi, gunia kati ya magoti, anazoa maganda makavu kwa viganja viwili. Vidole vyake vilikuwa vya manjano mpaka kwenye kucha. Akasikia mtu anakohoa juu yake. Alipoinua macho aliona kwanza makubazi mazuri yaliyoshonwa kwa mkono, kisha suruali iliyonyooshwa pasi, kisha shati jeupe, na mwisho uso mrefu wa kijana mwenye huruma nyingi kuliko iliyohitajika. Alikuwa amenunua kilo mbili za vitunguu, na mfuko alikuwa anamnyooshea yeye.

"Dada, chukua hii," akasema kwa sauti ya chini, asije akamwaibisha mbele za watu. "Hiyo maganda wacha. Haiko kitu ndani."

Candiru alicheka hadi akakaa chini kabisa, na mama muuza vitunguu naye akainama kuangalia kuna nini huko. Alipopata pumzi alipokea vitunguu, kwa sababu mtu hakatai vitunguu, kisha akamweleza huyo bwana mwema kwamba maganda ndiyo aliyoyafuata. Anayachemsha apate rangi. Kijana akamtazama kama mtu anayedanganywa. Basi Candiru akatoa kwenye mkoba wake kipande cha kitu chepesi, laini, cha rangi ya dhahabu iliyokolea, akampa mkononi.

Yule kijana alikisugua kwa dole gumba. Akakinusa. Akakikunja, akakikunjua, akakitia kwenye meno ya pembeni akakiuma kidogo, na hapo Candiru akajua huyu ni fundi.

"Hii iko ng'ombe gani?" akauliza.

"Ng'ombe wa mhogo."

Na haikuwa mzaha. Candiru alikuwa anatengeneza ngozi isiyotoka kwa mnyama. Alichukua mihogo iliyovunjikavunjika isiyouzika akakamua wanga wake, akachambua nyuzi kutoka kwenye vigogo vya migomba vilivyokwisha kukatwa mkungu, akazitia nyuzi rangi, akazichanganya na uji wa wanga, akamwaga juu ya mbao ukauke. Lillian, rafiki yake, alipaka nta ya nyuki juu ili maji yasipenye. Rangi zote zilitoka kwenye vitu vinavyotupwa. Maganda ya vitunguu yalitoa dhahabu, kokwa za parachichi zikatoa waridi, na majani ya msaji, yaani mtiki, yale yanayobaki chini watu wanapokata nguzo, yakatoa wekundu wa zambarau ambao ukiuona mara moja unautaka uwe gauni. Mama yake alisema binti yake ameolewa na takataka. Alisema hivyo kwa majirani wote wa mtaa wao wa Mvara, na kwa kujivuna.

Lukudu alikuwa fundi wa makubazi Koboko, mji wa mpakani. Alitoka Yei, Sudan Kusini, miaka ile watu walipokimbia vita, akafika na mdogo wake, Ladu, na begi la zana za baba yake, bila mtu mwingine. Arua alikuja kununua uzi na soli. Siku ile alirudi Koboko bila uzi wala soli. Alirudi na vipande kumi vya ngozi ya mhogo na namba ya simu.

Jamani, mapenzi ya simu yana utamu wake. Kila jioni, Candiru akiwa anaosha masufuria yake, simu inalia. Lukudu anataka kujua leo amechemsha nini. Candiru anataka kujua nani amenunua. Kiarabu cha Juba Candiru hakukijua, naye Lukudu hakujua Kilugbara, basi walikutana katikati, kwenye Kiswahili, kila mmoja na chake. Cha Candiru alikirithi kwa marehemu baba yake aliyekuwa askari. Cha Lukudu kilikuwa cha sokoni, kila kitu "iko", na herufi nyingine hazikumkaa mdomoni. Shati kwake lilikuwa sati. Shauri lilikuwa sauri. Candiru alimtania bila huruma, akimwambia avae sati lake jeupe aje wapige sauri, na Lukudu alimjibu kwamba ulimi wake uko na kazi nyingine kuliko kusema sh.

Alimwita Mama Maganda. Akizidiwa alimwita roho yangu, na hapo Candiru alijifanya mtandao umekatika. Walishaambiana pia maana ya majina yao. Candiru ni mateso, kwa kuwa mama yake alimzaa katika mwaka mbaya. Lukudu ni wa mvua. "Basi sisi tukioana," Candiru akasema siku moja, "watoto watakuwa mafuriko." Lukudu akacheka, lakini hakusema neno juu ya kuoana. Mwaka mzima hakulisema. Ijumaa mbili kila mwezi alikuja Arua, akala kwa mama, akamsifia mboga, akabeba ngozi zake akaondoka. Candiru alimpenda kiasi kwamba asubuhi akiamka alianza kusikiliza kwanza kama simu imelia, ndipo akumbuke jina lake mwenyewe. Lakini alikuwa na miaka ishirini na nane na alitaka kujua jambo moja tu: huyu mwanaume ananitaka mimi, au anataka ngozi?

Sasa ikaja kazi ya kwaya. Akina mama wa kwaya moja ya Koboko walitaka makubazi ya rangi moja kwa sikukuu yao, jozi sitini, wekundu ule wa msaji. Wiki tatu. Lukudu alipiga simu anahema kwa furaha. Candiru naye akapiga hesabu ya nyuzi, akaona kinachopungua ni kimoja. Rangi ya majani haishiki yenyewe. Lazima kwanza nyuzi zichemshwe na shabu, lile jiwe jeupe linalong'aa ambalo vinyozi hupaka mtu akikatwa na wembe. Bila shabu, rangi inatoka na maji ya kwanza, na mwimbaji anarudi nyumbani na miguu ya zambarau. Dukani Arua yalibaki mawe mawili madogo. Koboko, kwa wafanyabiashara wa mpakani, yalikuwepo ya kujaza gunia.

"Nitumie shabu," Candiru akamwambia. "Nyingi, ya kuchemshia nyuzi zote."

"Sabu," Lukudu akasema. "Iko. Kesho natuma na teksi."

Candiru akatabasamu kwa ile sabu yake, wala hakuwaza zaidi. Kesho yake alfajiri akapanda boda kwenda kijijini Logiri, kwa baba yake mdogo Obitre, kukusanya majani ya msaji.

Alikuwa juu ya rundo la majani, amejaza magunia manne, mikono imeanza kuwa myekundu, alipoona mzee Obitre anakuja kutoka nyumbani na simu mkononi na uso ambao Candiru hakuwahi kuuona. Mzee huyu huwa hacheki. Siku ile alikuwa anajizuia.

"Mutu yako amebisha hodi," akasema.

Candiru hakuelewa. Mzee akamfafanulia. Mama yake amepiga simu sasa hivi kutoka Mvara. Teksi ya Koboko imeshusha mzigo mlangoni: katoni mbili za sabuni na kilo nne za sukari, zimefungwa vizuri na kamba, zina jina la mama juu. Katika ukoo wao jambo hili halihitaji mkalimani. Mwanaume akituma sabuni na sukari kwa mama wa msichana, anasema: niandalieni viti, ninakuja kuposa. Mama amekwisha kupokea. Wazee watakaa Jumamosi ya wiki ijayo.

Candiru alikaa juu ya majani yake. Kwa hiyo alikuwa ananitaka mimi, akawaza, akalia, na mzee Obitre akageuka kutazama misaji yake kama mtu anayehesabu nguzo.

Alimpigia Lukudu akiwa njiani kurudi, amekaa nyuma ya boda katikati ya magunia, upepo unampiga.

"Imefika," akasema. "Mama amepokea."

"Imefika? Vizuri, roho yangu. Inatosha?"

"Inatosha. Mama analia."

"Analia sababu ya sabuni?"

"Lukudu, si lazima ujifanye. Baba mdogo ameniambia yote."

"Yote nini? Candi, wewe ulisema nitume sabu, nyingi, ya kuchemshia nyuzi. Mimi nimetuma. Sukari nimeweka ya mama, salamu tu."

Boda ilipita juu ya shimo. Candiru hakulisikia.

"Shabu," akasema polepole. "Jiwe. Jiwe jeupe la vinyozi."

Ndipo Lukudu akacheka. Alianza kidogo, kisha kicheko kikamshinda, akacheka kwa kelele, akacheka kama mtu anayetekenywa, na kila mara alipotaka kusema neno kilimrudia. Candiru alisikiliza kicheko kile mpaka kikaingia ndani kabisa. Alikuwa amelia juu ya majani mbele ya mzee, kumbe analilia sabuni ya kufulia. Akakata simu. Ilipolia tena hakuipokea.

Hakuipokea siku iliyofuata wala siku za baada yake. Lukudu aliandika ujumbe, akaandika tena: nimekosa nini, niambie, Mama Maganda nisamehe. Alipopiga kwa Lillian, Lillian alimwambia Candiru anasema hayupo. Candiru alizunguka kwa vinyozi wa mjini mmoja baada ya mwingine, akiomba wamuuzie vipande vyao vya shabu. Zubeiri, kinyozi wa mtaa wa Oli, alimpa jiwe zima bure, akamwambia uso wake unaonyesha amekatwa na kitu kikubwa kuliko wembe. Vyote pamoja vilitosha theluthi moja ya nyuzi. Hizo alizichemsha. Nyingine aliziacha zimening'inia kwenye kamba, nyeupe, na kila alipozipita alitazama pembeni.

Kumwambia mama lilikuwa jambo jingine. Mara tatu alifungua mdomo. Mara ya kwanza mama alikuwa ameanika gomesi, gauni lake la sherehe, juani. Mara ya pili alikuwa anawagawia majirani vipande vya ile sabuni, kila jirani na kipande chake, na maelezo marefu. Mara ya tatu alikuwa amesimama mbele ya picha ya marehemu baba, anaongea nayo kwa Kilugbara, anamwambia apumzike, binti yao amepata mtu wa heshima. Candiru akarudi kwenye masufuria yake.

Lillian ndiye aliyeshindwa. Siku ya tisa Lukudu alipompigia tena, alimwambia kwa hasira kwamba alichokicheka ni moyo wa mwenzake, kwamba kwao sabuni ile na sukari ile zina maana, na kwamba Candiru aliamini. Kisha akakata. Juu ya wazee na Jumamosi alisahau kusema.

Jumamosi ikafika. Uwani kwa mama Candiru, pale Mvara, vilipangwa viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani, safu mbili zinazotazamana. Upande mmoja walikaa wazee watano, Obitre katikati na koti lake jeusi na kofia. Upande wa pili viti sita vitupu. Mama, ndani ya gomesi ya kijani, alikuwa anatazama barabarani. Candiru alivalishwa kitenge kipya cha bluu, kilemba kimefungwa vizuri, na chini ya nguo hizo nzuri alikuwa anaomba ardhi ipasuke. Alishaamua. Wakikaa nusu saa bila mtu kuja, atasimama na kusema ukweli mwenyewe.

Dakika ya ishirini na tano boda ilisimama nje. Lukudu akashuka, peke yake. Alikuwa na shati la kazi lenye gundi kifuani na gunia begani, na alikuja kwa haraka ya mtu aliyejipanga kuomba msamaha nyuma ya nyumba, kwenye masufuria. Akapita lango. Akaona viti. Akaona koti la Obitre. Gunia likateremka polepole, na mawe meupe yakagongana ndani.

Wazee walimtazama toka makubazi hadi kichwa. Obitre akamwonyesha viti vitupu, na Lukudu akakaa kwenye kimoja, cha pembeni, akabakia na vitano vitupu kando yake. Kumwona hivyo Candiru hakuweza kuvumilia, hata kwa hasira zake zote.

"Watu wako wako wapi?" Obitre akauliza.

"Mzee, mimi sina watu. Iko mdogo wangu mmoja, yuko shule Koboko. Baba tulimzika Yei. Wengine sijui wako wapi."

"Lakini ulituma sabuni."

Candiru aliona njia zote mbili mbele ya huyu mwanaume. Angeweza kusema ndiyo, nilituma, na mambo yangekwisha vizuri, na yeye Candiru angejua maisha yake yote kwamba alichukuliwa kwa aibu. Angeweza kusema hapana, na akaondoka.

Lukudu alisimama. "Mzee, sabuni ilikuwa makosa. Candiru aliomba jiwe la rangi, masikio yangu yakasikia sabuni. Sikujua kama kwenu iko na maana. Nikisema nilijua, nitakuwa nimewadanganya ndani ya nyumba yenu."

Mama akajifunika uso kwa mkono wa gomesi. Mzee mmoja akaanza kunyanyuka. Lakini Lukudu hakukaa.

"Sijamaliza, wazee wangu. Mwaka mzima nakuja hapa nakula chakula ya mama, na kila mara nataka kusema. Kila mara naona hivi viti." Akaonyesha vile vitano. "Kwetu mutu anakuja kuoa na baba, na wajomba, na mutu ya kumsemea. Mimi nitakuja na nani? Niliogopa. Siku ile Candiru alipiga simu, nilicheka, na alikasirika, ana haki. Nilicheka sababu kitu nilichoogopa mwaka mzima, sabuni ilikuwa imekifanya kwa siku moja. Imenitangulia. Lakini kunituma haikunituma. Leo nimekuja na miguu yangu."

Obitre alikuna kidevu muda mrefu. Akasema kwamba makosa ni makosa, na kitu kilicholetwa kwa makosa hurudishwa. Sabuni irudishwe, kisha kijana ajipange upya kama watu. Hapo mama akatoa mkono usoni akasema, kwa sauti ndogo sana, kwamba sabuni nusu wameshaogea, na nusu wamegawiwa majirani. Mzee mmoja akakohoa. Obitre akafikiri tena, akasema sabuni iliyokwisha kuoga mtu hairudi dukani, hilo nalo ni kweli. Lakini jambo lenyewe bado lina shimo: huyu kijana anazungumza na wazee akiwa hana mtu hata mmoja upande wake, na desturi haisemi na mtu mmoja.

"Lukudu," Candiru akasema, na wazee wote wakageuka, kwa sababu msichana hasemi. "Umewaambia wao. Mimi hujaniuliza."

Lukudu akamgeukia. "Candiru. Nakutaka wewe. Hata kama usitengeneze ngozi tena. Unanitaka?"

Candiru alisimama. Alishika kiti chake, kile cha upande wa nyumbani, akakinyanyua akiwa na kitenge chake kipya, akavuka nacho uwanja, akakiweka kwenye safu ya wageni, karibu kabisa na cha Lukudu, akakaa. Mama akaita jina lake. Obitre akasema kwa ukali kwamba msichana anayeposwa hakai upande wa waposaji, haijawahi kuonekana.

"Baba, mmesema hana mtu," Candiru akajibu. "Sasa anaye. Namtaka."

Wazee walimtazama Obitre, na Obitre alimtazama binti wa ndugu yake, amekaa wima kwenye kiti cha kanisa, mikono ya zambarau juu ya magoti, ameshikamana bega na mgeni mwenye gundi kifuani. Alivua kofia, akaiweka juu ya goti, akageuka kumtafuta mama kwa macho.

"Mama Candiru," akasema, "wageni wamefika. Wako wawili. Waletee maji ya kunawa."